Maji Kwanza, Shawa Baadaye

Hotuba kwa wanachama wa chama cha ushirika wa nyumba wanaojenga kando ya Kangundo Road, Nairobi

Bwana Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, wazee wetu mlioketi hapa mbele, ndugu wanachama, hamjambo? Ahsanteni. Katibu aliponialika alinipa sharti moja: nisije kumuuzia mtu kitu. Sharti hilo halinisumbui kwa sababu sina duka. Mimi ni fundi wa mabomba, nauza jasho tu, na leo hata hilo nimelileta bure.

Nimepita kwenye ploti zenu za Ruai na Kamulu. Nimeona kuta za mawe ya Ndarugo zimefika kwenye linta, na wengine mmeshaezeka. Sasa mko kwenye ile hatua tamu ya kuzunguka maduka ya Mombasa Road na Enterprise Road kila Jumamosi, mkipiga picha za mabafu ya maonyesho. Mle ndani kuna kioo kisicho na doa, vigae vinavyong'aa, na shawa ya dari yenye upana wa sinia ya pilau. Muuzaji anageuza koki, maji yanamwagika, mama anamtazama baba, baba anatoa simu. Naomba mkiirudisha hiyo simu mfukoni kwanza, mjibu maswali mawili. Maji yako yatatoka wapi? Na yatashuka kutoka urefu gani?

Lile bafu la dukani lina pampu yake nyuma ya ukuta, na maji yake ni yale yale machache yanayozungushwa, safi, hayana chumvi. Nyumbani kwako hakuna vitu hivyo isipokuwa umevinunua. Ndiyo maana mtu anahamia nyumba mpya, anafungua ile sinia yake ya dari, na maji yanadondoka katikati tu, tone kwa tone, kando kote pakavu. Anamlaumu fundi. Wakati mwingine ana haki ya kutulaumu, sikatai, lakini mara nyingi kosa lilianza pale dukani.

Tuanze na chanzo. Maji mengi ya mfereji wa jiji yanatoka Murang'a, kwenye bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Yanateremka kutoka milima ya Aberdare, yanasafishwa Ngethu, ndipo yanaingia mjini. Ni maji laini. Sabuni inatoa povu upesi, birika halishiki ukoko, na shawa inadumu. Tatizo lake mnalijua vizuri kuliko mimi: mgao. Yanakuja siku zake, na huko kwenu kuna mitaa ambayo bomba bado halijafika. Kwa hiyo mtachanganya. Wiki hii mfereji, wiki ijayo lori la maji, na wengine mtavuta kutoka kisima cha jirani. Visima vingi vya kuchimba upande huu wa mashariki na kusini, Syokimau, Athi River, Kitengela, vina maji ya chumvi. Mengi pia yana floraidi nyingi, lakini hilo ni la meno ya watoto na linataka daktari, si fundi.

Kabla hujanunua chochote, chukua sufuria safi ya aluminiamu au chuma, weka lita moja ya maji utakayooga, chemsha mpaka yakauke. Tazama kilichobaki chini. Kama ni ukungu mwembamba unaofutika kwa kitambaa, nenda ukanunue unachotaka. Kama ni ukoko mweupe unaohitaji kukwanguliwa kwa kijiko, jua kwamba ukoko huo huo utakaa kwenye matundu ya shawa yako, kwenye koili ya kupashia maji, kwenye kioo, na kwenye kila kifaa cheusi ulichokipenda dukani. Vifaa vyeusi visivyong'aa vimekuwa mtindo mkubwa siku hizi. Kwa maji ya chumvi, vinageuka kijivu chenye madoa meupe kabla hata mgeni wa kwanza hajalala kwako. Chagua rangi ya kromu, au ile ya chuma iliyokwaruzwa kwa brashi. Na chagua kichwa cha shawa chenye vipua vya mpira laini, unavyovisugua kwa kidole gumba na chumvi inadondoka yenyewe.

Sasa urefu. Hii ndiyo sehemu ninayoomba mniazime masikio. Kila mita 10 za kimo kati ya maji ya tangini na kichwa cha shawa zinakupa baa 1 ya presha. Wengi wenu mmepanga kuweka tangi juu ya slabu ya bafu, kwa sababu fundi mwashi amesema ni rahisi, na kweli ni rahisi. Lakini pigeni hesabu. Kitako cha tangi kiko mita 3 kutoka sakafuni. Shawa iko mita 2 na kidogo. Tofauti haifiki hata mita 1. Tangi likikaribia kuisha, hamna hata sehemu ya kumi ya baa. Maji yatatoka, ndiyo, lakini yatatoka kwa huzuni.

Mkiniuliza, jengeni mnara wa tangi. Chuma cha pembe, miguu minne, simiti ya kutosha chini, kitako cha tangi kiwe mita 6 au zaidi. Hapo una karibu nusu baa kwenye shawa, na shawa ya kawaida inafanya kazi bila pampu, hata stima ikipotea. Pampu ya kuongeza presha ni kitu kizuri, sina ugomvi nayo, ila ina tabia zake: inataka stima, inapiga kelele usiku, na inakula maji. Shawa ya presha nzuri inamwaga lita 9 au 10 kwa dakika. Watu watano, kila mmoja dakika 8, hizo ni lita 360 au zaidi kwa asubuhi moja. Tangi lako la lita 1,000 linakaa siku tatu pungufu, na hujafua, hujapika, hujamwagilia sukumawiki. Ukitumia shawa ya lita 4 kwa dakika, watu hao hao wanatumia 160. Kwa mtu anayenunua maji ya lori, hesabu hiyo inazungumza yenyewe.

Tuje kwenye maji moto, maana Julai ya Nairobi haina huruma na mtu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Julai tuseme maji ya tangi yako kwenye nyuzi 16. Nyumba nyingi hapa zinatumia shawa ya stima, ile ya plastiki nyeupe inayopasha maji yakiwa yanapita. Zile za Lorenzetti kutoka Brazili ndizo zilizozoeleka, na ziko nyingine nyingi. Nyingi zina nguvu ya wati 5,500 hivi. Wati hizo haziongezeki kwa kuombewa. Maji yakipita lita 3 kwa dakika, zinayapandisha nyuzi 26, unaoga kwenye 42, safi kabisa, hata utapunguza. Maji yakipita lita 6 kwa dakika, yanapanda nyuzi 13 tu. Kumi na sita na kumi na tatu ni ishirini na tisa, na hayo ni maji ya kuoshea gari.

Ndiyo sababu nasema shawa ya stima na sinia ya dari haviishi nyumba moja. Anayetaka mvua kubwa ya moto lazima awe na akiba ya maji moto: tangi la umeme au sola. Anayetaka shawa ya stima akubali mvua nyembamba. Kuna wauzaji watakaokuambia unaweza kupata vyote viwili kwa kifaa kimoja. Mwambie akuonyeshe wati ngapi na lita ngapi, halafu ugawanye mwenyewe.

Kuna jambo jingine kuhusu hizi shawa za stima. Ndani yake kuna utando wa mpira. Maji yakiusukuma vya kutosha, unagusanisha shaba na koili inawaka. Presha ikiwa ndogo, utando hausogei, maji yanatoka baridi na wewe unadhani imeungua. Presha ikiwa juu mno kwa sababu ya pampu, maji yanapita mbio hayapati moto. Ndani ya sanduku mara nyingi kuna kipande kidogo cha plastiki chenye tundu, cha kupunguza kasi ya maji. Mafundi wengi wanakitupa pamoja na karatasi za kufungia. Mwambie fundi wako akionyeshe kabla hajafunga ngazi yake.

Na maji ya chumvi yana shawa zake. Koili ya kawaida iko uchi ndani ya maji. Maji ya chumvi yanapitisha stima zaidi, kwa hiyo koili inaliwa haraka, na mtu anaanza kuhisi ule mchonyoto kwenye vidole akigusa koki. Shawa za maji ya chumvi zina koili iliyofunikwa ndani ya bomba la chuma. Ni ghali zaidi. Ukiwa na kisima, hiyo si anasa.

Mchonyoto huo sitaki mtu auchekee. Nimesikia watu wakisema, "Ah, yetu inapiga kidogo tu, tumezoea, tunavaa ndala." Ndala si kifaa cha usalama. Wati 5,500 kwenye volti 240 ni ampia 23. Huo mzigo hauwezi kubebwa na waya wa soketi. Unataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la stima, usiopungua milimita 4 za mraba, na kama bafu liko mbali weka 6. Unataka breka yake, na swichi kubwa ya kukata nyaya zote mbili, iwe nje ya bafu au mbali na mkono uliolowa. Unataka waya wa athi, ule wa kijani na njano, ufike kwenye shawa na ufike kweli kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini. Nimekuta nyumba ambako umekatwa na kufichwa ndani ya plasta ili kazi iishe mapema. Na unataka kile kifaa kinachokata stima mara inapovuja, cha miliampia 30. Fundi wa umeme akikwambia hicho si lazima, muulize leseni yake ya EPRA, mamlaka ya nishati. Huna haja ya kugombana naye. Muulize tu, utazame uso wake.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni kuhusu sola. Sola ni nzuri, na kwa Nairobi inalipa, lakini Julai mawingu yanaweza kukaa siku kadhaa mfululizo, kwa hiyo tangi la sola liwe na koili ya stima ya dharura. Kama maji yako ni ya chumvi, usichukue ile ya mirija ya kioo ambayo maji ya kuoga yanaingia moja kwa moja ndani ya mirija, itajaa ukoko. Chukua ile ambayo kiowevu kingine ndicho kinachozunguka kwenye paneli na kupasha tangi kutoka nje. Huna pesa ya sola leo? Sawa. Lakini bomba la maji moto liweke ukutani sasa, kabla ya plasta, likitokea darini mahali sola itakapokaa siku ya siku. Bomba lenyewe ni pesa kidogo. Kubomoa vigae baada ya miaka mitatu ili kulipitisha ni kilio. Halafu jaribu kuliweka fupi. Bomba la PPR, yaani la plastiki ngumu, la milimita 20, lile la ukuta mnene, likiwa na urefu wa mita 15, linabeba lita 2 hivi za maji, na hizo lita 2 ni baridi kila unapofungua. Wengine huweka ndoo kuzikinga. Mimi naona ni busara.

Kuhusu mabomba yenyewe sitasema mengi. PPR inatosha, ya moto na ya baridi. Inaunganishwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260, vipande viwili vinayeyukiana vinakuwa kimoja. Mabomba ya chuma yenye zinki, yale ya zamani, tuwaachie wenye nyumba za zamani. Yanashika kutu kwa ndani na maji yanageuka chai. Mambo mawili tu mnidai. La kwanza, kabla ya plasta, mabomba yajazwe maji, yapigwe presha kwa pampu ya mkono, na yaachwe usiku kucha. Asubuhi mwende na fundi mkaangalie geji pamoja. Sindano ikiwa imeshuka, kuna mahali panavuja, na heri papatikane sasa. La pili, piga picha kila ukuta wenye mabomba, na futi ya kupimia ionekane kwenye picha. Siku utakayotaka kutoboa ukuta utundike kioo, picha hiyo itakuokoa. Na kila bafu liwe na koki yake ya kufungia, mtu asilazimike kufunga maji ya nyumba nzima kwa sababu ya pete moja ya mpira.

Sasa sakafu. Hapa ndipo pesa inapofukiwa vibaya zaidi, kwa sababu kazi nzuri ya sakafu haionekani na kazi mbaya nayo haionekani, mpaka rangi ya sebuleni ianze kububujika upande wa pili wa ukuta.

Wengi wanaamini vigae vinazuia maji. Havizuii. Kigae chenyewe hakipitishi, lakini ule mstari kati ya kigae na kigae, grauti, unakunywa maji kila siku. Kinachozuia maji ni ile dawa inayopakwa chini ya vigae, juu ya skridi, ule mchanga na simiti wa kusawazisha sakafu. Ipakwe mara mbili, koti la pili likivuka la kwanza msalaba. Ipande ukutani mpaka mita 1.8 pale mtu anaposimama kuoga, na angalau sentimita 15 kuzunguka sehemu nyingine ya bafu. Kwenye pembe, ambako sakafu inakutana na ukuta, iwekwe utepe wa kitambaa ndani ya dawa.

Kwenu hilo la pembe ni muhimu kuliko kwa mtu wa Karen au Ruaka mwenye udongo mwekundu. Nyinyi mko kwenye udongo mweusi, ule unaofura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi mpaka mkono unaingia. Hata mkichimba mkaondoa wote chini ya nyumba, ule wa kando unaendelea kusukuma na kuvuta. Nyumba inacheza kidogo, na inapocheza, pembe ndizo zinazofunguka kwanza. Kwa hiyo nunua dawa inayonyumbuka, si ile inayokauka ikawa ngumu ya kukatika. Na kwenye pembe zote za vigae usitie grauti. Tia silikoni ya bafu, ile inayozuia ukungu. Grauti ya pembeni itapasuka, sina shaka.

Kabla ya kigae cha kwanza kulazwa, ziba tundu la maji machafu, jaza maji kimo cha sentimita 5, chora mstari wa penseli ukutani, funga mlango, subiri saa 24. Maji yakipungua zaidi ya yale yanayokauka kwa kawaida, au upande wa pili wa ukuta ukilowa, dawa irudiwe. Fundi wa vigae atanung'unika kwamba unampotezea siku. Mlipe hiyo siku.

Mteremko uwe sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu. Bomba la kutolea maji liwe la inchi 2, lisipungue. Mtego wa maji chini ya tundu ushike kina cha sentimita 5, ndicho kinachozuia harufu na mende. Bafu la wageni lisilotumika, mtego wake hukauka na nyumba inaanza kunuka. Kopo moja la maji kila wiki linatosha. Yale matundu marefu ya mtindo mpya, ya kulala kando ya ukuta, yanapendeza, sikatai, ila uliza kwanza kama kifuniko kinatoka kwa mkono. Nywele zikikusanyika humo na kifuniko kimegandishwa kwa simiti, utaniita, na mimi nitakuja na nyundo.

Vigae. Vya ukutani vinaweza kuwa vya kauri ya kawaida, havikanyagwi na mtu. Vya sakafuni viwe vya poseleni, ambavyo havinywi maji zaidi ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Njia ya kutofautisha dukani ni rahisi: geuza kigae, mwagia maji kidogo mgongoni. Kauri ya kawaida inayafyonza huku unatazama, doa linaenea. Poseleni inayaacha yakae juu. Vile vinavyotengenezwa hapa nchini, Kajiado na Athi River, vinatosha kabisa, usidhani cha kutoka mbali ndicho bora. Kwenye katoni soma tarakimu za toleo na rangi. Katoni zote zilingane, na uongeze moja katika kila kumi za kuweka stoo.

Lakini la sakafu ya kuogea ni utelezi. Muulize muuzaji alama ya utelezi: R10 au R11 ndiyo ya bafu, R9 ni ya sebuleni. Hajui? Basi vua kiatu hapo hapo. Weka kigae chini, kimwagie maji yenye sabuni, simama juu yake ukimshika mwenzio bega. Watu watakutazama. Waache watazame. Wewe ndiye mwenye mama wa miaka 78 atakayekuja kukaa mwezi mmoja. Vigae vidogo vidogo ni bora kuliko vikubwa mahali pa kusimama, kwa kuwa mistari mingi inashika mguu, na pia vinakubali mteremko bila kukatwakatwa.

Tena kwa sababu ya huyo mama, na kwa sababu sote tunaelekea huko, amua leo mahali pa kushikilia. Si lazima ununue mpini sasa. Mwambie mwashi aache jiwe zima, lisilochimbwa mfereji wa bomba, kimo cha mita 1 hivi kutoka chini. Mpini unaofungwa kwenye plasta tupu utang'oka siku ile ile mtu anapouhitaji.

Mzee pale nyuma ananiambia habari ya terazo, ile sakafu ya simiti na vipande vya mawe inayosagwa ikang'aa. Ahsante, mzee. Nyumba za zamani za mitaa ya Eastlands bado zina terazo ambayo imeshinda vizazi, na mimi ni mpenzi wake. Haina mistari, haipitishi maji kirahisi, na fundi anaweza kuizungusha kona bila pembe. Shida ni mafundi wake wanapungua na mashine ya kusaga inafanya matope ya siku mbili. Ukimpata anayejua, na akakubali kuiacha isiwe laini mno pale pa kusimama, mpe kazi. Mawe ya Mazeras kutoka Pwani nayo yanapendeza ukutani na hayatelezi, lakini yanakunywa maji, lazima yapakwe dawa na kurudiwa kila baada ya muda. Na kwa maji ya chumvi yataota unga mweupe. Kwenye varanda, ndiyo. Bafuni, fikiri mara mbili.

Sasa, ndiyo, tumefika kwenye koki na shawa. Mnaona zimekuja mwisho.

Koki ya kuchanganya maji moto na baridi, ishike mkononi. Ya brasi ni nzito kuliko unavyotarajia. Ya zinki ni nyepesi na imepakwa kromu ile ile, kwa nje zinafanana. Ingiza jicho kwenye tundu la kufungia bomba, pale kwenye hesi ambapo kromu haikufika. Ukiona manjano, ni brasi. Ukiona kijivu, ni zinki, na hesi za zinki hukatikia ukutani, zikakulazimisha kuchimba. Sumaku haikusaidii hapa, haishiki yoyote kati ya hizo mbili. Uliza pia katriji ya ndani, kile kipande cha kauri kinachofungua na kufunga. Mwambie akuonyeshe ya akiba, iko rafuni. Kama duka halina katriji za akiba, hiyo koki ina maisha ya katriji moja. Kwa sababu hiyo hiyo mimi sipendi koki zilizofukiwa ukutani kwa nyumba zetu. Nzuri, lakini ikivuja, unavunja. Ile inayokaa nje ya ukuta, mtoto wako mwenyewe ataifungua kwa spana.

Na maji moto na baridi yatoke kwenye tangi moja. Ukivuta baridi kutoka kwenye pampu na moto kutoka sola kwa uzito wake tu, baridi inaisukuma moto irudi ilikotoka, na mtu yuko katikati na sabuni machoni.

Vya kutundikia taulo na sabuni viwe vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304. Vya 201 ni rahisi na vinang'aa vile vile, lakini chumvi inavitoboa vidoa vya kahawia. Kioo au pazia? Kioo kiwe kile kilichochomwa kikawa kigumu, unene wa milimita 8 kwenda juu, na uwe tayari kukifuta kila siku. Mwenye maji ya chumvi na watoto watatu, nunua pazia. Likichakaa unanunua jingine. Dirisha liwe juu na lifunguke. Bafu lisilo na hewa litaota ukungu mweusi kuanzia Juni, hata ungetia vigae vya dhahabu.

Bwana Mwenyekiti ananionyesha saa. Nina sampuli za vigae hapa mezani, na ndoo ya maji, na vipande viwili vya koki nilivyovikata kwa msumeno muone ndani. Wanaotaka kuvua viatu, mlango wa pembeni uko wazi. Na dada mwenye leso ya kijani, uliinua mkono tangu nilipotaja mnara wa tangi. Karibu, uliza.